Matundu Sita ya Jengo la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya hoteli moja nje kidogo ya Voi saa moja kasorobo asubuhi. Sikuwa na cheti. Kazi ya bomba nilikuwa nimejifunza kwa kitabu cha mitumba chenye picha, ambacho nilikisoma hadi jalada likatoka. Msimamizi wa matengenezo, mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, alinituma jikoni kuangalia kama kuna kasoro. Nikarudi nikamwambia bomba linavuja.

"Linavuja wapi?" akauliza. "Umepima kutoka ukuta gani?"

Sikuwa nimepima. Akafungua droo, akanipa mita na daftari la kurasa tisini na sita, akanirudisha jikoni. Tangu siku hiyo kila kitu nilichofunga, kufungua au kufukia nilikiandika: ni nini, na kiko mita ngapi kutoka ukuta gani. Wenzangu waliniita karani. Nilipoondoka Voi baada ya miaka minane, daftari zilikuwa kumi na moja, na hoteli iliniomba niwaachie nakala ya kurasa zinazoonyesha mabomba ya chini ya ardhi.

Kutoka hapo nilikwenda Ghuba, Uarabuni, katika mji wa jangwani, kwa kampuni iliyotunza majengo kumi na moja ya kupangisha. Nilianza na chumba cha pampu, kisha nikapewa Jengo la Nne lote, kuanzia tangi la chini hadi paa.

Mapaa ya huko ni bapa kama meza, yamezungukwa na ukuta mfupi. Maji ya mvua hutoka kwa matundu ya sakafuni, kila moja lina upana wa sahani, likiunganishwa na bomba linaloshuka ndani ya ukuta. Jengo la Nne lilikuwa na matundu sita. Wakati wa joto upepo huleta vumbi laini kuliko unga wa ngano, nalo likiingia kwenye bomba na kukutana na maji ya viyoyozi hushika kama saruji. Kwa hiyo sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu. Kila Juni tulifunika kila tundu kwa plastiki nzito, tukaifunga kwa mpira wa tyubu na kuweka kigae juu yake. Oktoba tulifungua. Jambo hilo halikuwa kwenye fomu yoyote. Fomu ya mwezi iliuliza tu kama matundu yako wazi, nawe ukatia alama.

Mimi ni mtu wa Wusi, kwenye vilima vya Taita. Kwetu mfereji wa shamba huzibuliwa na watu wote kabla ya mvua, na asiyefika hutafutwa nyumbani kwake. Lakini miaka mitatu ya kutazama mbingu isiyo na kitu ilinipa uvivu ambao Wusi haingeuvumilia. Oktoba ya mwaka wa nne nilikuwa na pampu mbili mbovu. Sikupanda paani. Nikatia alama kuwa matundu yako wazi. Novemba nikatia tena.

Desemba hiyo tulikuwa tunaandaa Krismasi. Kampuni ilikuwa imeturuhusu kutumia ukumbi wa ghorofa ya juu. Mkuu wa maandalizi alikuwa Wakesho, msimamizi wa usafi, mzaliwa wa Makwasinyi, kwetu Taita, mwanamke ambaye hata Wahindi wa stoo walimwogopa kidogo. Kwaya yake ilikuwa ya Wakenya, Wafilipino na Waethiopia. Mti nilimtengenezea mimi kwa mabomba ya plastiki, nikauvika sponji ya kijani ya kuzuia joto. Maharagwe ya kimanga, chakula chetu cha Kitaita, yalitoka nyumbani kwenye mkoba wa mtu aliyerudi likizo, na muhogo wa kuponda nayo tuliupata sokoni. Mimi nilikuwa na furaha ya ziada, kwani nilikuwa nimedokezewa kwamba cheo cha fundi mkuu kingetangazwa kabla ya mwaka mpya, na jina langu lilikuwa la kwanza.

Siku tatu kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, mvua ilinyesha. Haikuwa manyunyu ya huko, ya kuchafua vioo vya magari. Ilikuwa mvua ya Taita. Watu walitoka maofisini kuipiga picha. Athumani, fundi wetu wa umeme, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa Voi, alisimama uani akiwa amekunja suruali, akisema mwaka huu nyumbani kumetufuata. Nilicheka naye. Kisha simu yangu ikalia.

"Kaka Mwakio," Wakesho akasema, "dari inatonesha maji juu ya meza ya keki. Hili paa ni lako ama ni la nani?"

Nilipanda na Athumani. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamefika katikati ya miundi yetu. Sentimita moja ya maji ni kilo kumi kwa kila mita ya mraba, na pale zilikuwa kama ishirini. Paa lile halikujengwa kubeba dimbwi, na chini yake kwaya ilikuwa inafanya mazoezi.

Nilimweleza Athumani nilichofanya.

"Mtaita wewe, zibua kwanza," akasema. "Wakiuliza, tutasema mvua ilizidi. Nani atabisha na mji mzima unaogelea?"

Alinitakia mema, alijua habari za cheo. Lakini amri ya kuhamisha watu ilikuwa ya Mhandisi Mkuu peke yake. Tena nilijua desturi ile haikuwa yangu tu. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angepanda mapaa mengine hadi dari zianguke. Redio zetu za mkononi zilikuwa za mkondo mmoja, kila fundi akisikia. Nikaita, nikaeleza, nikaomba ghorofa ya juu ihamishwe.

"Fomu yako ya Novemba inasema matundu yako wazi," Mhandisi Mkuu akasema.

"Ndiyo, mhandisi. Niliandika bila kupanda. Nimeyafunika tangu Juni."

Kisha sauti ya fundi wa Jengo la Saba ikasema, "Na huku pia." Ikafuata ya Jengo la Tisa. Zilifika tano.

"Ondoeni watu ghorofa zote za juu, kisha pandeni," Mhandisi Mkuu akasema. "Mwakio, utayaonaje matundu chini ya maji hayo?"

"Ninayo kwenye daftari, mhandisi."

La kwanza, mita tisa kutoka ukuta wa mashariki, nne kutoka wa kaskazini. Athumani alinishika kwa kamba kiunoni. Hatukuingiza mikono, kwa sababu maji yanaposhuka kwa ghafla huvuta mkono pamoja nayo. Tulitumia nondo tuliyoipinda ncha kuwa ndoana, tukasukuma kigae kando na kuvuta plastiki. Plastiki ilipochanika, dimbwi lilitoa mngurumo, likaanza kuzunguka. La pili, la tatu, hadi la sita. Hatukukosa hata moja. Tulipokuwa kwenye la nne, tulisikia kishindo chini yetu. Kipande cha dari kilikuwa kimeanguka mahali kwaya iliposimama nusu saa kabla. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Krismasi tuliifanyia karakanani, kati ya mashine ya kutoboa na rafu za valvu. Athumani alileta sufuria ya pilau aliyoipika mwenyewe, akasema amekuja kubadilisha na kimanga, kuimba anawaachia wenye sauti.

Cheo alipewa mwingine. Mimi nilipewa barua ya onyo, nami nikaitia sahihi bila kulalamika. Baada ya mwezi Mhandisi Mkuu aliniita ofisini.

"Tengeneza fomu mpya ya mapaa," akasema. "Sitaki neno 'wazi'. Neno hilo fundi anaweza kuliandika akiwa amekaa."

Niliandika fomu ya kurasa mbili. Kwa kila tundu kuna vipimo vyake, sahihi ya aliyefunika, sahihi ya aliyefungua, na mstari huu: *Nimemwaga ndoo moja, maji yameshuka.* Ilitumika majengo yote kumi na moja. Miaka miwili baadaye nikawa fundi mkuu, na hadi kustaafu nilifundisha mafundi ishirini na watatu kumwaga ndoo.

Sasa niko Wusi. Daftari zote ziko kabatini, na barua ya onyo iko ndani ya ile ya mwaka wake, mahali pake. Vijana wanaojifunza bomba wakija kunitembelea, huwapa mita kwanza, maswali baadaye.

Wakesho bado yuko kule. Desemba iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, kwaya ikisikika nyuma yake. "Kaka, huku kumetanda mawingu," alisema. "Kijana wako wa Jengo la Nne alipanda asubuhi. Amemwaga ndoo sita, zote zimeshuka. Nilisimama pale nikahesabu. Sasa tuache tuimbe."