Begi la Kuinuliwa kwa Kidole Kimoja

Mwaka wa 1993, nikiwa na miaka ishirini na mbili, kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kazi pale Eneo la Viwanda, Thika, kilipunguza watu, na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Shida zangu zilianzia hapo. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nne, kwa hivyo hakukuwa na ofisi yoyote iliyokuwa inanisubiri. Nilikuwa na chumba kimoja cha kukodi Ruiru, mikono miwili, na sanduku la nguo.

Hilo sanduku ndilo nataka kukupa habari yake, mwanangu. Juzi nimemkuta mjukuu wangu amekalia lake ili lifungike, na anaenda Nakuru wiki moja tu. Nilicheka. Halafu nikakumbuka siku ile langu lilipofunguliwa mbele ya watu, na siku hiyo hakuna aliyenisikia nikicheka.

Kwanza ujue nguo zenyewe zilikuwa za namna gani. Kiwandani nilikuwa upande wa kutia rangi, na sisi wafanyakazi tulikuwa tunauziwa vitambaa vilivyoharibika. Kitambaa kizuri kilienda zake madukani. Kilichotufikia sisi ni kile ambacho maua yamepanda juu ya mistari, ama rangi ya chungwa imemwagikia ya kijani. Tulikipenda hivyo hivyo. Kila msichana alikuwa anakimbiza chake kwa fundi anashonewa rinda lenye mabega ya kuinuka, na Jumapili ukitembea Thika ungetujua kutoka ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tunang'aa kama mabango ya soda. Mimi nilikuwa na marinda kama hayo yamejaa sanduku, na nilijiona tajiri. Kitu ambacho sikuwa nimeona ni kwamba hakuna hata moja lililoweza kukaa karibu na lingine bila kugombana.

Sasa, Ruiru kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Mama Njoki, aliyekuwa anauza sweta za shule, zile za kufumwa kwa mashine. Kila muhula ukikaribia alizifunga mabunda, akazipandisha basi, akazunguka nazo Nakuru, Kericho mpaka Kisumu, akiwauzia wenye maduka. Msichana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameolewa, na mahali pake palikuwa wazi. Tulikuwa wawili tunaopatamani: mimi, na mtoto wa dada yake. Mimi nisipopata, nilikuwa narudi kwetu Gatundu kuchuma chai ya watu, na kazi hiyo nilikuwa nimeshaikataa kwa mdomo wangu mbele ya baba. Unajua vile mtu huchekwa akirudia kitu alichokataa.

Mama Njoki alikuwa na sheria mbili, na ukizisikia utadhani zinapigana. Ya kwanza, msichana wake asionekane na nguo ileile kila siku. Alikuwa anasema mwenye duka akikuona Jumatatu na rinda la kijani, Jumatano akakuona tena na rinda lilelile, anajua umekwama, na mtu aliyekwama huongeleshwa vibaya. Ya pili, begi liwe dogo. Nafasi kwenye basi ni ya sweta.

Mimi nilisikia ile ya kwanza tu. Nilimfikia pale kwenye veranda ya duka lake na sanduku kichwani, nikalishusha, nikapangusa jasho.

"Wewe kairitu," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, msichana, hata baada ya mimi kuzaa. "Unahama ama unasafiri?"

"Nasafiri, mama."

"Na hilo kabati ni la nani?"

Fundi wa viatu aliyekaa hapo nje akaacha kupiga msumari ili asikie vizuri. Mama Njoki akalifungua sanduku mwenyewe, akatoa rinda moja, akalinyanyua juu kama mtu anayeuza.

"Hili utalivaa na nini?"

"Peke yake."

"Na hili?"

"Hilo pia ni la peke yake."

"Mvua ya Kericho ikikupiga?"

"Nitabadilisha nivae lile la maua."

"Na hilo la maua ukilimwagia supu?"

Jibu likatoka pembeni. Fundi wa viatu alikuwa nalo. "Atavaa sanduku," akasema, na Mama Njoki hakumkataza.

"Sikiliza," akaniambia. "Uko na marinda mengi na hauna nguo. Basi linatoka kesho kutwa alfajiri. Kuja na begi naweza kuinua na hiki kidole." Akanyoosha kile kidogo cha mwisho. "Na ndani ya hilo begi nione msichana wa safari ya wiki mbili. Ukishindwa, nitaenda na mtoto wa dada yangu. Yule begi lake ni dogo. Shida yake ni mdomo tu."

Nikalibeba sanduku kichwani tena, na njia nzima watu wananiuliza kama bwana amenifukuza. Sikuwa hata na bwana.

Katika ploti nilikopanga chumba kulikuwa na mama mzee Mwislamu, Bi Zuhura, mzaliwa wa Majengo kule Thika, anayeshona kwa cherehani ya mkono. Alinikuta nimekaa kwenye mlango nimenuna.

"Nani kakutukana, binti?"

"Mama Njoki. Amesema sina nguo."

Akachungulia sanduku. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Basi hajakutukana," akasema. "Tazama, rinda ni mtu mmoja. Likiwa chafu, mtu mzima kaondoka. Ukilikata kiunoni unapata wawili, na kila mmoja anaweza kwenda na mwenziwe mwingine."

Akanipa mkasi. Lililokuwa juu lilikuwa lile la chungwa, la Krismasi, lile ambalo wasichana wenzangu wa kiwandani walikuwa wanaliazima kwangu. Nikamrudishia mkasi nikamwomba akate yeye.

"Kata wewe," akasema. "Nikikata mimi, utanilaumu mpaka nizikwe."

Nikakata. Ile sauti ya mkasi kwenye kitambaa bado naijua. Nikakata na lile la kijani. Bi Zuhura akapinda mapindo, akatia lastiki kiunoni, tukawa na blauzi mbili na sketi mbili pale ambapo palikuwa na marinda mawili. Lakini ukiivaa blauzi ya chungwa na sketi ya kijani, ungedhani umevalishwa na adui.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi pia nina kazi ninayoijua. Nilikuwa nimesimama mbele ya rangi tangu nitoke kwetu. Nilijua kitambaa cha pamba ukikichemsha na rangi iliyokolea na chumvi, maua yote yananyamaza. Nikanunua rangi ya buluu, ile karibu na nyeusi, nikaenda kumwomba Bi Zuhura lile sufuria lake kubwa.

"Sufuria la pilau?" akauliza. "La harusi za watu? Wewe wataka maharusi wa Thika wale pilau ya buluu?"

Akanipa debe. Nikachemsha sketi zote mbili, na blauzi moja nyeupe ya zamani nikaitumbukiza humo humo. Nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe, maana rangi usiyoisuuza vizuri itakuaibisha kwenye kiti cha mtu. Ziliposhuka kwenye kamba zilikuwa buluu nzuri ya kiza. Ila kulikuwa na kitu kimoja. Fundi wangu wa nguo alikuwa amezishona kwa uzi wa poliesta wa njano, na poliesta haishiki rangi ya pamba. Kwa hivyo kila mshono ulikuwa unawaka njano juu ya buluu, kutoka kiunoni mpaka chini. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Bi Zuhura akasema hakuna wakati wa kufumua, akanirushia leso yake moja ya kujifunga juu ya begi dogo nililokuwa nafungasha. "Hii ni ya baridi, ya jua, ya mvua, na ya kujifunika ukioga bafu la watu. Usinirudishie ikiwa chafu."

Alfajiri ile Mama Njoki hakunisalimia. Alitia kidole chake kidogo kwenye mkanda wa begi, akainua. Kidole kikapinda, begi likapanda.

"Hili ni zito kidogo," akasema. "Lakini kidole nacho kimezeeka." Halafu akaona mikono yangu, buluu mpaka kwenye viwiko. "Na ulikuwa unachinja nani?"

"Marinda, mama."

Akageuka aangalie mabunda yake yakipandishwa keria ya juu ya basi, lakini nilimwona mabega yakicheka.

Mwanangu, zile wiki mbili ndizo zilinifunza. Nakuru nilianza na blauzi ya chungwa na sketi ndefu. Kesho yake sketi ileile, blauzi ya kijani, leso begani, na mwenye duka akaniuliza kama mimi ndiye yule wa jana. Kericho mvua ilitushika barabarani, nikavaa sketi zote mbili, moja juu ya nyingine, na sweta langu la zamani juu, na nikawa na joto kuliko Mama Njoki na koti lake. Jumapili nilivaa buluu juu na buluu chini, na ule mshono wa njano ukafanya nionekane kama nimeshonewa suti. Jioni nilikuwa nafua moja, naianika dirishani, nyingine inanisubiri. Kisumu jua lilipotuangukia, leso ilipanda kichwani na sweta likaenda chini ya begi likalala.

Kisumu ndiko alikokuwa mteja mkubwa kuliko wote, Mama Atieno, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima. Tulikuwa dukani kwake siku kadhaa akihesabu sweta pole pole. Siku ya mwisho akaweka kalamu chini.

"Mama Njoki, huyu msichana wako ameweka wapi kabati? Tangu mje namwona na nguo mpya."

Nikalivuta begi karibu nami. Mama Njoki akanigeukia. "Mwonyeshe," akasema.

Nikaweka begi kwenye kaunta nikalifungua. Mama Atieno akatoa nguo, akaingiza mkono ndani tena akitafuta zilizobaki, akakuta viatu vya mpira na sabuni.

"Ni hizi tu? Na hii njano, mlishona makusudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia uzi ulikataa rangi.

"Basi wacha uendelee kukataa," akasema. "Nina wasichana hapa wanaenda chuo cha ualimu, wanaruhusiwa sanduku moja dogo. Mama zao wananisumbua kila siku. Niletee kama hizi. Sketi mbili na blauzi tatu, ziende zote na zote. Na huo uzi msinibadilishie."

Mama Njoki hakunisifu. Hakuwa mtu wa kusifu. Tulirudi Ruiru tukashusha vitu, na nilipokuwa nachukua begi langu niende, ndipo akaniita.

"Kairitu. Muhula ujao nitapunguza bunda moja la sweta. Hiyo nafasi kwenye keria uweke nguo zako za yule mama."

Mtu aliyenirudisha nyumbani kwa sababu ya sanduku alikuwa ananipa nafasi ya bunda zima. Mtoto wa dada yake alitafutiwa kazi ya kuuza mboga sokoni, na huko mdomo wake ulimfaa sana. Kwetu Gatundu nilirudi, lakini nilirudi kuwatembelea tu, nikiwa na sukari na unga kwenye mkono mmoja na begi dogo kwenye mwingine. Baba aliniuliza kama ndizo nguo zangu zote. Nikamwambia ndizo zote.

Sasa nisikilize, kwa maana sitarudia. Kabla ya kufungasha, mwaga nguo zako zote kitandani. Shika kila moja uiulize lile swali nililoulizwa kwenye veranda: wewe utavaliwa pamoja na nini? Ikikujibu kwamba inavaliwa peke yake, irudishe kabatini hata kama ndiyo unaipenda. Chini vaa rangi moja ya kiza, uache kelele ziwe juu, kwenye blauzi, maana blauzi ni nyepesi na hukauka upesi. Baridi usiibebee koti, ibebee nguo za kupandana. Viatu vizito vaa, vyepesi ndivyo vya kubeba. Leso ama shuka usiache hata ukiambiwa unaenda hoteli. Na sabuni, mwanangu, sabuni. Kipande kimoja cha sabuni ni nguo tatu ambazo hukubeba. Ukimaliza, inua begi kwa kidole kidogo. Likikataa, usilikalie. Lifungue, utoe.

Na usidhani nasema hivi kwa sababu sina. Nina duka la nguo Ruiru, jina langu limeandikwa juu ya mlango. Nina banda la kuuzia nguo pale Githurai 45, linasimamiwa na binti yangu. Nina ploti Mugutha yenye vyumba vya kupangisha na tangi la maji. Nina cherehani za stima, na ile moja ya mkono aliyoniachia Bi Zuhura. Nina gari la kubebea mizigo. Nina ng'ombe wawili kule Gatundu. Nina debe lenye buluu ndani isiyotoka. Nina sketi moja yenye mshono wa njano, lastiki yake imekufa, sijaitupa. Na nina begi moja dogo la safari.

Mungu akupe safari nyingi, mwanangu, akufungulie milango kila unakoshukia, na akurudishe nyumbani na mkono mmoja mtupu, upate wa kutusalimia nao.