Uso Uliokataa Kuungana

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe niliacha siku nilinunua ng'ombe wa kwanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua kali, kwenye uwanda nyuma ya Kitengela.

Shule niliishia darasa la nne, lakini leo niko na ploti tatu na ng'ombe wa kutosha. Ni macho yalinipa hiyo mali. Sokoni nilikuwa naangalia ng'ombe akiwa mbali kama siafu, najua ni wa boma gani. Watu pia. Bega likiinama tu, nishakujua.

Siku hiyo nilikuwa natafuta mtamba wangu aliyepotea. Mbele nikaona mtu amesimama kwa mguu mmoja, fimbo nyuma ya shingo, kichwa kimelalia kushoto. Alikuwa rafiki yangu, Mmaasai aliyenifunza biashara. Shida ni kwamba tulimzika mwaka uliopita.

Wamaasai hawataji jina la marehemu. Nilijua. Lakini mimi na kujionyesha, nikaliita kwa nguvu, mara mbili.

Akaja. Umbo lilikuwa lake, niamini. Alipofika karibu niliona macho, nikaona pua, nikaona mdomo, lakini havikuungana kuwa uso. Wewe umewahi kuona kitu kama hicho?

"Si wewe unajuanga watu wote?" akaniuliza. Sauti ni yake. "Haya, niangalie vizuri."

Niliangalia mpaka machozi yakatoka. Nilipopangusa, hakuna mtu.

Nikarudi nyumbani. Mwanamke akanifungulia geti. Nikamwuliza, "Mama, wewe umetoka wapi?" Alidhani ni mzaha, akacheka. Ni kwa hicho kicheko nilijua ni bibi yangu, tumeoana miaka ishirini na mbili.

Daktari alisema macho ni mazima. Ati kuna mahali kwa ubongo panapounganisha macho, pua na mdomo viwe mtu, na pangu pameumia. Sawa, yeye amesoma. Lakini hakuniambia kwa nini pangoje mpaka siku ile ndipo paumie, mbele ya yule marehemu.

Siku hizi nakaa na wageni kwa nyumba yangu mwenyewe. Bibi yangu hujitaja kila akiingia. Juzi alichoka na hiyo, akaingia kimya, akaketi mbele yangu akingoja. Nikamwambia karibu, bibi yangu atarudi saa hii akupikie chai.

Kwa hivyo ukiona umbo unalolijua kwa mbali, nyamaza, ngoja likusalimie kwanza. Na ukiniona Kitengela nikikupita, usiseme mali imenipa kiburi. Ongea tu, hata kama ni matusi.