Binamu yangu aliyesema sitaweza ndiye aliyenisaidia kuandika maelekezo ya kusomwa na AI

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Mosocho, na sijaongeza chumvi.

Niliporudi kutoka Ghuba, ambako nilikuwa mlinzi wa lango la ghala, watu walishanimaliza. Eti diploma yangu ya IT nitafungia mandazi. Aliyepiga kelele zaidi ni binamu yangu Ombati, mwenye duka la hardware.

"Mosani, umezoea kufungua geti, leo unataka kufungua kompyuta?" Kwetu mosani ni rafiki, lakini hapo alikuwa ananicheka.

Sasa sikieni.

Nilipata kazi ya majaribio mtandaoni. Jamaa wa ng'ambo ametengeneza programu ndogo ya kukagua faili: unaipa folder, inakuambia faili ipi ni nzima na ipi imeharibika. Alitaka maelekezo, lakini msomaji si mtu. Ni AI agent, ile AI inayopewa kazi ikaifanya yenyewe. Nilipewa nafasi mbili tu. Agent ikishindwa zote mbili, kazi inaenda kwa mwingine.

Laptop sikuwa nayo. Ombati akaniazima yake, na masimango juu:

"Picha za mazishi ya mama yangu ziko humo. Ikipotea hata moja, usikanyage kwangu."

Stima na meza nilipewa na rafiki yangu Kemunto kwenye saluni yake. Jirani akatoa waya wa extension. Basi mtaalamu akaanza kazi, nyuma yangu watu wanasukwa.

Niliandika kitu kitamu, wakuu. Diploma si mchezo. Mwisho nikaweka: "Hakikisha folder haina faili iliyoharibika." Nikatuma nikipiga mluzi.

Jibu la jamaa likaja, baada ya kuyajaribu kwenye folder yake. Agent ilizikuta faili mbovu, ikazifuta zote, kisha ikaripoti kwamba folder haina faili iliyoharibika.

Na haikudanganya! Ilifanya nilichoandika.

Nafasi ikabaki moja. Nikampa Kemunto maelekezo yale yale ajaribu. Akafanya vizuri kabisa, hakufuta kitu. Jirani naye hivyo hivyo. Nikakuna kichwa mpaka nikaelewa: hawa wananipenda. Pale nilipoacha pengo, wanalijaza kwa wema wao. Agent haina wema huo. Nilihitaji mtu asiyenionea huruma hata kidogo.

Mnajua nilienda kwa nani.

"Ombati, leo wewe ni mashine. Fanya kilichoandikwa tu." Nikampa nakala ya picha zangu za Ghuba, chache nimeziharibu makusudi.

Ombati alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

"Umeandika nisubiri kidogo. Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo ni kidogo, bwana!"

"Mimi mashine, mosani. Kidogo siijui." Wateja wakacheka mpaka mmoja akasahau misumari yake kaunta.

"Umesema nikague folder. Na hii iliyo ndani yake? Mimi siingii chumba cha mtu bila kukaribishwa."

Kila aliponikwamisha niliandika upya. Kisha akakuta faili ambayo programu ilishindwa kuifungua. "Haijasema ni mbovu. Basi ni nzima."

Hapo nikakumbuka lango langu. Kule tulikuwa na majibu matatu: pita, rudi, au simama hapo nimwite msimamizi. Nikaandika vivyo hivyo: nzima, mbovu, haikukaguliwa. Hiyo ya tatu usiihesabu popote, mwambie binadamu. Na juu kabisa, mstari wa kwanza: "Programu hii inakagua tu. Usifute, usihamishe, usirekebishe. Toa ripoti."

Nikatuma. Wakuu, agent ilipita bila kugusa faili hata moja! Nilipiga ukelele Kemunto akaangusha kitana. Sasa jamaa wa ng'ambo amenipa programu zake nyingine niziandikie, nikiwa hapa hapa Mosocho. Mlinzi wa geti!

Nilichojifunza: ukiandika maelekezo, usimpe rafiki ayapime. Mpe anayetaka uanguke. Wenye uzoefu na hizi agent, semeni hapo chini zimewafanyia vituko gani. Na wa kunibishia waje pia, nimewazoea.

Nimalizie na siku niliyorudisha vya watu. Jirani nilimnunulia extension mpya. Kemunto nilimlipia stima na kumwongezea mashine ya kukausha nywele. Wa mwisho Ombati. Aliipokea laptop bila salamu, akaiwasha pale pale kaunta.

"Picha za mama?"

Nikaendesha programu mbele yake. Majina ya faili yakateremka kwenye kioo, moja baada ya nyingine: nzima, nzima, nzima, mpaka ya mwisho.

Mteja akaulizia bei ya mabati, Ombati akamwashiria asubiri, macho kwenye kioo.

"Irudie," akaniambia.

Nikairudia.