Mkono wa Kushoto wa Sweta la Bibi

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya spoku mbili za baiskeli zikigongana mapajani kwa bibi yangu, kule Mtinko. Tik, tik, tik, halafu kimya kidogo anapovuta uzi, halafu tik tena. Sindano za kufumia za dukani hakuwahi kuwa nazo. Spoku zile alizisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa butu, na zilikuwa zinang'aa kwa kushikwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nalala mkekani pembeni yake mchana, na nikiusikia mlio ule nilijua nyumbani hakuna shida.

Mwanangu, umeniandikia kwenye simu kwamba umeifumua kofia yako mara tatu kwa sababu ya kosa moja, na unataka nikufundishe kufuma bila kukosea. Nimecheka. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe thelathini sijafikisha, maana mtoto wa kaka yangu ni wangu, na huku Rungwa sina mwingine wa kumwambia haya. Kufuma bila kukosea sikujui. Ila nitakusimulia mwaka ule niliofumua kuliko nilivyofuma.

Mwaka huo macho ya bibi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Akawa anadondosha mishono, anaitafuta kwa vidole, haioni. Siku moja akaniita, akanipa spoku zake na madonge manne ya uzi wa rangi ya damu ya mzee, aliyokuwa ameyatunza sandukuni.

"Nifumie sweta, Rehema," akasema. "Baridi ya mwezi wa sita isinikute hivi."

Wewe unaujua upepo wa kwetu mwezi wa sita, unavyopita chini ya mlango. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kesho yake nikapanda basi kuja huku Rungwa, kumsaidia mama mdogo kwenye mgahawa wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina darasa la saba langu na spoku zangu mbili, najiona naenda kuanza maisha.

Rungwa ni mbali, mwanangu. Wanakuja watu wa kununua asali, wanakula wali maharage, wanasifia mchuzi, wanaondoka. Kesho wanakuja wengine. Hakuna anayekaa mpaka ukamjua jina. Mchana wakishaondoka nilikuwa nageuza ndoo nyuma ya jiko, naikalia, nafuma. Na nikifuma, naota. Niliota nina duka Singida mjini, lina kioo kikubwa mbele, na ndani limening'inizwa sweta la damu ya mzee, watu wamesimama nje wanaulizana nani kalifuma. Kwa hiyo sweta la kawaida sikulitaka. Nilitaka lenye misuko kifuani, mishono inayopishana kama nywele zilizosukwa, kama la mgeni mmoja wa asali aliyewahi kula pale kwetu.

Misuko ile sikuwahi kufundishwa. Nikakosea, nikafumua. Nikafuma tena, nikafumua tena. Bibi alikuwa akinipigia kwa simu ya Mama Zuhura, jirani yake.

"Limefika wapi?" anauliza.

"Limefika kwapani, bibi."

Na kweli siku hiyo lilikuwa kwapani. Kesho yake nikiona mshono umekaa vibaya nalirudisha kiunoni. Sikumdanganya hata mara moja, na bado nilikuwa namdanganya.

Mwezi wa sita ukaingia. Mama mdogo akaniruhusu wiki moja niende nyumbani. Sweta lilikuwa na kifua na mgongo, bado mikono tu. Nikasema mikono nitaianza kwenye basi, niimalizie Mtinko, bibi avae. Hapo nilifanya kosa la kwanza, la kufuma kwa spoku ndefu ndani ya basi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mkarimu, ananigawia karanga, lakini kila nikigeuza mstari kiwiko changu na spoku yangu vinamfuata yeye.

"Binti," akasema, "ukinitoboa hapa, utanifuma na mimi?"

Basi zima lilikuwa linapiga mbung'o kwa mikono na magazeti, na bado watu wakacheka. Nami nikacheka.

Tulipopita Itigi nikalitandaza lile sweta magotini ili nilione vizuri. Ndipo nikauona. Msuko mmoja, hapa upande wa moyo, ulikuwa umepinda kushoto wakati wenzake wote wamepinda kulia. Mmoja tu. Nikageuza macho, nikatazama nje, nikarudi. Bado upo. Nikaitafuta ncha ya uzi, nikavuta.

"Sasa unafuma au unafumua?" yule mama akaniuliza.

"Nafumua, mama. Nimekosea."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akalivuta karibu na macho yake, akaligeuza huku na huku. "Mimi naona sweta," akasema, akanirudishia.

Nilimwona hajui kufuma. Nikaendelea kuvuta. Kifua kilipokwisha nikautazama mgongo, nao nikauona haufai kukaa na kifua kipya. Nikaufumua nao. Niliposhuka Mtinko nilikuwa na donge moja kubwa kama kibuyu, na moyoni nimefurahi kabisa, nasema siku sita zinatosha, nitaanza upya, vizuri.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha kamba nje ya mlango, na Mama Zuhura na wanawake wengine wawili wamesimama naye. Alikuwa ameshawatangazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta?"

Kabla sijajibu akavua khanga mabegani, akaikunja, akaiweka magotini. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, kama mtoto anayesubiri kuvishwa, uso wake ameuelekeza pale sauti yangu ilipotokea. Mikono ile ilikuwa imekonda, na ngozi imesimama vinyweleo kwa upepo. Akaiacha juu. Akasubiri.

Mwanangu, nililiweka lile donge mapajani kwake. Akashusha mkono mmoja, akalibonyeza, akalizungusha.

"Ni mpira?"

"Ni uzi, bibi. Nilikosea msuko mmoja nikafumua."

Ule mkono mwingine ulichelewa kushuka. Mama Zuhura alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza. Bibi akajifunika khanga yake tena, taratibu, mpaka shingoni.

"Mimi sina macho ya kuona kosa, Rehema," akasema. "Nina mgongo wa kusikia baridi. Hilo sweta ulikuwa unamfumia nani?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nawafumia watu waliosimama nje ya kioo cha duka ambalo halipo.

Siku zile sita nilifuma bila misuko, mishono ya kawaida tu, kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia. Bibi alikaa karibu nami akisikiliza spoku. Masikio yake yalikuwa yanaona. Mlio ukikatika vibaya anasema:

"Umeruka mshono."

"Nirudi?"

"Utafumuka?"

"Hapana, kutabaki katundu kadogo."

"Nenda mbele."

Siku ya sita nilikuwa na kifua, mgongo na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto haukupatikana. Asubuhi ya kuondoka nikamvisha hivyo hivyo. Akapita kwa majirani wote akishika ukuta na fimbo, mkono mmoja umevikwa na mwingine uchi, akiwaambia, "Huu mwenzake uko safarini." Walicheka naye. Mimi nilikuwa nasubiri basi barabarani, namtazama kwa mbali.

Mkono wa kushoto nikaufuma huku Rungwa, juu ya ndoo yangu. Nikampa kondakta wa basi aupeleke, na Mama Zuhura akaushona mahali pake. Bibi akapiga simu.

"Umefika," akasema. "Lakini umekaza sana huu. Umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Ulikuwa unalia?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Nimeuvaa hivyo hivyo."

Alikuwa ameujua kwa kuushika. Kila mshono wa mkono ule niliuvuta kwa nguvu, kama vile nikivuta vya kutosha Mtinko itasogea karibu. Kati ya viganja vyake na huku kulikuwa na safari ya siku nzima, na yeye alikuwa ameshaujua upweke wangu kwa kupapasa uzi.

Alilivaa misimu miwili ya baridi. Wa tatu haukumkuta. Siku ya kuanua matanga wakatoa sanduku lake uani wakagawa nguo, kama tunavyofanya kwetu. Khanga zikachukuliwa na shangazi zangu, moja baada ya nyingine, na shuka lake la kufuma likaenda kwa mke wa baba mkubwa. Sweta lenye mkono mmoja mfupi hakuna aliyelinyooshea kidole. Mwisho shangazi akalikunja akaniwekea mapajani bila kuniuliza, na tukaendelea.

Sasa hii ndiyo nasaha yangu, mwanangu, ichukue na kofia yako. Ukiwa nyumbani fuma vikubwa: sweta, shali, shuka. Una pa kutandaza na una mtu wa kumpimia. Ukisafiri chukua sindano moja fupi ya kroshia na uzi kidogo, fuma soksi za mtoto au kitambaa cha kochi, kitu kinachoenea mfukoni, usije ukamtoboa jirani aliyekugawia karanga zake. Ukikosea, jiulize kama nguo itafumuka. Kama itafumuka, rudi, usione aibu kurudi. Kama ni jicho lako tu linaloumia, nenda mbele, maana yuko mtu mahali fulani ameshavua khanga na mikono ameinua. Na ukiona uzi wako umeanza kukaza bila sababu, weka kazi chini upige simu nyumbani. Mimi sikupiga za kutosha.

Ile kofia usiifumue mara ya nne. Niletee na kosa lake, nitaivaa mgahawani na nitamwambia kila mgeni wa asali kwamba nimefumiwa na mwanangu. Mungu akulainishie vidole, akupe macho ya kukutosha mpaka uzeeni, na asikupungukie kamwe mtu wa kumvisha.

Leo asubuhi upepo ulivuma hata huku. Wageni walikuwa hawajafika na mama mdogo amekwenda kuchota maji. Nililitoa sweta kwenye begi, nikalitandaza kitandani, nikapitisha kidole kwenye kale katundu. Kisha nikasimama katikati ya chumba, nikainua mikono yote miwili juu, nikaiacha huko kwa muda. Halafu nikaishusha, nikajivisha mwenyewe, nikaanza na mkono wa kushoto.