Funza Waliowaka Stoo

Kazi yangu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Kizimbani ni udongo, na ndani ya udongo kuna minyoo wadogo mno hata macho hayawaoni. Wamebeba bakteria tumboni. Mnyoo humwingia mdudu, akawatema bakteria wake humo, na hao ndio wanaoua. Mzoga hauozi, maana bakteria wanaulinda, na minyoo wanakula na kuzaana ndani yake. Watoto wakitoka, wanatoka na bakteria wao. Mambo haya hunipendeza kuliko taarabu, na nyumbani wananiona nina kichaa.

Mwaka huu fukusi, wadudu wanaotoboa mashina, waliivamia migomba ya mama, huko shamba. Mgomba unaanguka na mkungu wake, ukilipasua tunguu lake la ardhini unakuta mashimo matupu. Kaka zangu wakapata sababu. Tangu baba afariki wanataka kumhamishia mama Mji Mkongwe, chumba kimeshapakwa rangi. Sasa wakasema: migomba yenyewe inakwisha, anangoja nini? Walisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayekupendea mama yako.

Nikampelekea mama chupa ya maji yenye minyoo wangu, tuimwagie migomba jua likipungua, wawaue fukusi. Akaitazama, akaona maji tu. Akacheka, akauliza kama ndiyo kazi ninayolipiwa mshahara.

Nilikuwa pia na kisahani cha funza tuliowaambukiza minyoo hao kazini, wameshakufa na kugeuka wekundu kama tofali. Nikamwambia hawa wanatoa mwanga kizani, kwa sababu ya bakteria walio ndani yao. Hakuamini. Tukaingia stoo ya nazi, tukafunga mlango, tukaziba upenyo kwa kanga, tukakaa juu ya magunia kungoja macho yazoee kiza. Akaniuliza mengi, nikamweleza yote, nani anambeba nani na nani anamlisha nani. Kisha mwanga ukajitokeza, hafifu, kama wa simu iliyofunikwa na nguo. Mama akasema subhanallah, taratibu.

Kisha akauliza:

"Na hao minyoo, mkiwatenga na bakteria wao, wanakufa?"

"Hawafi pale pale, mama. Wanaishi. Ila kazi hawaiwezi tena, na kuzaa hawazai."

"Basi waambie kaka zako. Mjini ntaishi."

Sikuuona uso wake, na nilishukuru kwamba naye hakuuona wangu. Miezi yote ile tulikuwa tukijadiliana kama atapata daktari karibu, kama ngazi zitamchosha, kama maji yanapanda hadi ghorofani. Hakuna aliyemuuliza atafanya nini akiamka asubuhi.

Tukatoka, tukaimwagia migomba mmoja mmoja, yeye akinionesha ipi imelegea zaidi. Jioni ile ile nikampigia simu kaka mkubwa, nikamwambia chumba kile akitafutie mpangaji.

Akauliza kama migomba imepona. Nikamwambia sijui.