Siku Nilipomtafsiria Mwenyekiti wa Mwalo

Diplomasia nilijifunza kwenye simu, chumbani kwangu mtaani Kambarage, na ninakiri kwamba niliisoma kama mtu anayejiandaa kuoa kwenye ukoo wa kifalme. Nilijua nani huketi kulia kwa nani. Nilijua bendera haigusi chini. Kiingereza nacho nilikiokota hivyohivyo, redioni na kwenye video, na kila sentensi niliyoitamka mbele ya watu niliirudia kichwani siku nzima nikitafuta kosa.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama wa mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu karibu na Bulyanhulu kilipotafuta mkalimani, nilikubali, kisha nikakesha na kamusi siku nne. Hawa ni wanawake wanaoponda mawe na kuosha dhahabu, na wameshika zebaki kwa mikono mitupu miaka mingi. Walikuwa wamesikia kwamba ng'ambo kuna mkutano wa mataifa kuhusu zebaki na wachimbaji wadogo. Walitaka mmoja wao akaseme huko. Basi afisa wa ubalozi fulani alipopita kutembelea machimbo, mwenyekiti wao aliomba akae nao nusu saa.

Nilimwandikia mwenyekiti hotuba. Niliirekebisha mara kumi na nne. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Wabeja, mwanangu," akaikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Mgeni alifika, mrefu, mwembamba, na daftari mkononi. Nilimketisha kulia kwa mwenyekiti, kama nilivyosoma. Mwenyekiti akamhamishia kwenye benchi, katikati ya akina mama, akamuuliza kwao wanafuga nini. Akajibu kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe.

Nyuso za akina mama zilikunjuka. Kumbe ni mfugaji. Na mwenyekiti, ambaye huko Tinde alikotoka huitwa kusuluhisha koo mbili zinaposhindwa kuelewana juu ya mahari, alikuwa na sheria yake: jambo zito huliombi kwa mgeni, unaliomba kwa mtani. Kwa hiyo kwanza unamfanya mgeni kuwa mtani.

"Mwambie ng'ombe wa babu yake lazima walikonda sana," aliniambia, "maana mjukuu mwenyewe ndiye huyu."

Hakuna ukurasa niliousoma ulioruhusu hilo. Nikamgeukia mgeni na kusema kwa Kiingereza, "Mwenyekiti anaipongeza sekta ya mifugo ya nchi yako."

Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika.

Mwenyekiti akamtazama, akanitazama mimi. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Mbona hacheki?"

"Labda kwao hawacheki."

"Hakuna watu wasiocheka utani wa ng'ombe. Mwambie tena."

Nikamwambia mgeni kwamba mwenyekiti anasisitiza pongezi zake. Akaandika tena, akapiga mstari chini.

"Huyu mtoto anatudanganya," alisema mama mmoja aliyekaa kwenye ndoo. "Anajitafsiria mwenyewe, hatutafsirii sisi."

Mwenyekiti hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema taratibu, "Mwanangu, mimi nimekuja kuomba kiti. Nikiomba kabla ya utani, nimeomba kama ombaomba. Nipe maneno yangu."

Nikafumba macho na kutafsiri yote, neno kwa neno: ng'ombe, kukonda, mjukuu.

Mgeni aliweka kalamu chini. Nikaanza kupanga maisha mapya kama muuza vocha. Kisha akasema, "Mwambie ng'ombe wale walichungwa na bibi yangu. Alikuwa anaongea kutwa nzima, ng'ombe wakimsikiliza wanasahau kula. Sikujua kwamba yupo hai na anaosha dhahabu."

Nilitafsiri hilo nalo neno kwa neno. Vigelegele vilipasuka mpaka wapondaji wa mwalo wa jirani wakasimamisha nyundo. Mwenyekiti alimpiga mgeni begani kama shemeji.

"Sasa tuongee," alisema. "Kwenye huo mkutano wenu, nani anatusemea?"

Mgeni alieleza kwamba wanaokwenda ni wawakilishi wa serikali, na mashirika machache.

"Serikali yangu naiheshimu, na iende. Lakini haijawahi kushika zebaki. Mimi nimeishika. Sitaki kumwondoa mtu kwenye kiti chake. Naomba benchi, hata la pembeni."

Mgeni akasema orodha ya wasemaji inakaribia kufungwa, lakini ataomba. Safari hii hakuandika. Alikuwa anamtazama mwenyekiti.

Wiki tatu baadaye jibu liliingia kwenye simu yangu. Nilipanda bodaboda mpaka mwaloni kulisoma. Mwenyekiti alikuwa ameinama, mikono ndani ya maji ya matope, na hakuitoa.

"Wamekubali, mama. Utasema. Dakika tatu."

"Dakika tatu?" Aliendelea kuosha. "Salamu peke yake zinazidi hapo. Waandikie waongeze."

Mimi ni mtu wa kuomba radhi mara mbili kabla ya kuuliza saa ngapi. Nilisimama kwenye tope lile nikaandika: "Mwenyekiti anasema dakika tatu hazitoshi hata kusalimiana." Nikaisoma mara moja tu, nikatuma.

Walijibu kesho yake. Dakika saba.