Siku Nikeli za Baba Mkwe Zilipoteremka Kahe

Kuna watu pale Himo mpaka leo wananiita Bwana Nikeli, na mimi naitika, tena natabasamu, kwa sababu nikikataa wataanza kumweleza aliye karibu kwa nini naitwa hivyo, na yeye atamweleza mwenzake, na mwisho nitajikuta nimesimama njia panda nasikiliza habari zangu kama za marehemu. Bora niwaeleze mwenyewe. Aibu ukiisimulia mwenyewe, angalau unachagua pa kuanzia.

Naanzia kwa baba mkwe. Mzee anakaa Marangu, juu kabisa, na ana Pijo ya zamani, nyeupe, aliyoinunua enzi ambazo kahawa ilikuwa kahawa kweli. Ile gari imewapeleka watoto wake wote kubatizwa, imewahisha wagonjwa hospitali, imeteremsha magunia, na siku hizi ilikuwa imelala bandani kando ya ng'ombe, injini nzima kabisa, lakini sura, Mungu wangu. Nikeli zake, yaani ile mikanda ya kung'aa ya ubavuni, mizunguko ya taa, vifuniko vya magurudumu, hata yule simba mdogo wa mbele, vyote vilikuwa vimefifia na kushika kutu, kuku wanalalia juu. Sasa binti yake wa mwisho, Upendo, akapata mchumba wa Kahe, na mzee akatangaza mbele ya familia nzima kwamba bibi harusi atateremka na Pijo, hakuna gari lingine, na mkwe atakayeirudishia sura yake ndiye atakayekabidhiwa ufunguo, gari iwe yake moja kwa moja. (Watoto wa kiume anao, ila mmoja ni mchungaji, usharika umempa gari, na mwingine anaogopa hata baiskeli.)

Wakwe tulikuwa wawili. Mimi, na mwanyumba wangu Godlisten, aliyemwoa dada wa mke wangu, ambaye anakaa Dar na kila Desemba anapanda mlimani na gari ambalo taa zake zinawaka mchana. Godlisten ni mtu mzuri. Nasema hivyo kwa sababu mke wangu anaweza kusikia. Ukimuuliza habari za watoto anakujibu habari za kiwanja, na ukimwambia umenunua ng'ombe atakwambia yeye alimwona wa hivyo hivyo akamwacha. Basi kabla hajafungua mdomo nikasimama nikasema, baba, niachie mimi.

Mimi siyo fundi. Mimi nauza mbegu na dawa za mimea Moshi mjini, na ninachojua kuhusu gari ni kulisukuma. Lakini nilijiuliza, kung'arisha vyuma kuna elimu gani? Nikapanda Marangu na bisibisi. Kumbe ile mikanda inashikwa kwa nyuma na klipu, vibanio vidogo vya chuma, na vile ni vya kubembeleza, unalegeza kimoja kimoja kwa subira. Mimi nilivikwanyua. Vikavunjika vyote kama biskuti, na vipande vikapotelea kwenye majani ya ng'ombe. Sikujali, nikaendelea na kusugua. Nilisugua zile nikeli kwa majivu na ndimu, kama mama alivyokuwa akisugua masufuria, kisha nikapitisha dawa ya kung'arishia, na jamani ziling'aa, ziling'aa mpaka nikajiona uso mzima ndani ya kifuniko cha gurudumu, na nikajipenda.

Hapo ndipo Godlisten akapiga simu. Alikuwa ameshasikia habari ya klipu (mke wake ana masikio, na mke wangu ana mdomo), akasema kwa upole kabisa kwamba klipu za Pijo anajua zinapopatikana kule Dar, ataniletea akija kwenye harusi. Mtu mwenye akili timamu angesema asante. Mimi nikapiga hesabu yangu: akileta klipu zake, atakaa pale harusini akiwaambia watu gari imeshikiliwa na klipu zake, na ule ufunguo tutagawana kama maini ya mbuzi. Nikamwambia asisumbuke, nimeshapata. Nikakata simu, nikaenda dukani, nikanunua gundi ya viatu.

Ndiyo, gundi ya viatu. Nikabandika mikanda, nikabandika simba, nikabandika vifuniko vya magurudumu, nikabandika na ule mkanda wa ndani ya mlango, na kioo cha pembeni ambacho kilikuwa kinacheza nacho nikakibandika. Nikaacha vikauke bandani, kwenye kivuli cha migomba, na ile baridi yetu ambayo hata mchana mtu anakaa na sweta. Kesho yake nikavuta mkanda kwa mikono miwili nikiwa nimeweka mguu kwenye mlango. Haukutikisika. Nikaridhika kabisa. (Mtu wa mlimani akijaribu kitu anakijaribia mlimani. Sisi tunaamini dunia nzima inavaa sweta.)

Siku ya harusi ibada ilikuwa Marangu, sherehe Kahe kwa bwana harusi. Mbele waliwekwa watu wa tarumbeta kwenye pikapu, halafu Pijo, halafu Godlisten na taa zake, halafu ukoo wote. Pijo niliendesha mimi. Nyuma walikaa maharusi na mpambe, na mbele kando yangu akakaa mzee mwenyewe na suti na kofia, maana alikataa katakata kupanda gari la mtu mwingine. Tuliposhuka watu walitoka mashambani kutupungia. Wazee wenzake waliitambua ile gari, wakavua kofia. Baba mkwe siyo mtu wa kusema sana, lakini alinishika bega.

"Umenirudishia ujana wangu, mwanangu."

Mimi hapo ufunguo nilikuwa nauona mfukoni tayari, nimeshauwekea na kamba.

Himo jua lilikuwa limesimama utosini. Malori ya mpakani yalikuwa yameziba njia, tukakaa pale tunachemka kama makande. Kidogo kidogo nikaanza kusikia harufu ya duka la viatu. Mpambe akauliza kinachonuka ni nini, nikamwambia ni Himo. Njia ikafunguka, nikakanyaga mafuta, na hatujafika mbali kitu cha mviringo, king'aavu, kikatupita upande wa kushoto kwa adabu zake, kikakata kona, kikaingia sokoni kwa akina mama wa ndizi.

"Ni nini hicho kilichotupita?" mzee akauliza.

"Ni cha wale wa mbele, baba."

Wale wa mbele walikuwa na tarumbeta. Lakini mzee aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningesimama pale pale, ningeokota kifuniko kimoja, ningeomba radhi, yakaisha. Ila kusimama kulikuwa ni kukiri, na nyuma yangu zilikuwa zinawaka zile taa za Godlisten. Nikaongeza mwendo.

Akaja bodaboda dirishani kwangu, anapiga kelele kwamba naacha vitu, nami nikampungia mkono kama mtu anayepongezwa. Akashangaa, akarudi nyuma kuokota. Akaja wa pili. Mkanda wa ubavuni ulikuwa umeachia upande mmoja, unapigapiga bati, kisha ukaenda zake. Yule simba sijui hata alishukia wapi. Sasa vijana wa bodaboda wa kwetu wana roho nzuri kuliko wanavyosemwa: walipoona huyu mtu hasimami, na ni msafara wa harusi, wakaamua kutusindikiza mpaka tufike, watukabidhi mali yetu. Tulipokunja kwenda Kahe nilikuwa na msururu wa pikipiki nyuma, kila mmoja ameshika kipande cha Pijo juu, wanapiga honi kwa kufuata tarumbeta. Mzee akasema watu wa Himo siku hizi wamekuwa na heshima. 

Kule Kahe shangazi zake bwana harusi walikuwa wamesimama mlangoni na vigelegele. Kwao chochote kinachofuatana na bibi harusi kinapokelewa na shangazi, kinawekwa kwenye ungo, kinafunikwa kitenge, kisha kinaingizwa kwa kucheza mbele ya wageni. Wale vijana wakafika na mikanda yao, na shangazi wakapokea kwa magoti yote mawili. Mimi sikuona. Ningeona kwenye kioo cha pembeni, ila kioo cha pembeni nacho kilikuwa kwenye ungo.

Nilikuwa nahangaika na mlango wa nyuma wa Pijo. Gundi ya mkanda wa ndani ilikuwa imeyeyuka, na shela ya Upendo ilikuwa imelala juu yake njia nzima. Akashuka, akapiga hatua kwa maringo, na mkanda ukang'oka ukamfuata, unaburuzika vumbini nyuma ya shela, kamera zote zikiwa juu yake. Akageuka akanitazama. Mtoto yule hajawahi kunijibu vibaya tangu nimwoe dada yake.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Mpambe akaomba mkasi.

Nikaingia chini ya turubai nikatafuta kiti cha nyuma kabisa, nikidhani yamekwisha. Mara mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba Marangu wameleta zawadi. Shangazi wakaingia na ungo kichwani, wanacheza, tarumbeta inalia, wakapiga magoti mbele ya baba mkwe, wakafunua kitenge. Sasa mshereheshaji ni mtu anayelipwa kuongea, hawezi kunyamaza hata kama hajui. Akainua kifuniko cha gurudumu akasema sinia la kisasa. Akainua mikanda akasema fimbo za mapazia. Akainua yule simba, akamgeuza huku na huku, akasema pambo la sebuleni, na watu wa Kahe wakapiga makofi kwa ukarimu. Kisha nikasikia Godlisten anacheka, kicheko cha Dar, cha mtu aliyekunywa soda baridi njia nzima, na turubai lote likamfuata.

Mzee hakucheka. Alisimama, akavichukua vile vitu kimoja kimoja kutoka kwenye ungo, akavifuta vumbi kwa leso yake ya suti, akavipakata mapajani. Akakaa hivyo mpaka keki ikakatwa. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Ya kuchekwa nimeizoea.

Shamrashamra za harusi zilipopita nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea. Kwetu ukimpelekea isale mtu uliyemkosea hawezi kukataa kukusamehe, akikataa mwiko unamrudia yeye. Na sitawaficha, nilipokuwa napanda nalo nilikuwa nafikiri pia habari ya gari. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akasema amenisamehe na limekwisha. Nikashukuru, nikakohoa kidogo, nikauliza ule ufunguo sasa umekaaje.

"Isale inaomba msamaha, mwanangu. Haiombi gari."

Akamwita mke wangu kutoka jikoni, akamkabidhi yeye ufunguo, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Klipu alileta Godlisten, na alizifunga mwenyewe huku akinieleza kila moja inaitwaje. Tangu hapo sijashika gundi, hata kiatu changu kikiachama nampa fundi nakaa mbali. Na nikitaka kwenda mahali na ile Pijo namwomba mke wangu lifti, naye kabla hajafungua mlango ananiambia kwanza nimwonyeshe mikono.